Unga mweupe kwenye matuta ya mabwawa si chumvi

Mhariri,

Tafadhali tupatie nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wafugaji wa mwatiko na kambamiti, wenye majaruba ya chumvi, na kila anayechimba tope la mikoko kuanzia Moa hadi Kipumbwi. Kaskazi ikikaza, mwezi wa Januari na Februari, matuta ya mabwawa mapya huota unga. Penye nyufa za tope jeusi hujitokeza kitu cheupe, chororo kama unga wa muhogo, na kando yake madoa ya manjano. Cheupe huitwa chumvi, cha manjano huitwa salfa, na mambo huishia hapo. Kumbe kwenye tope la aina hiyo mara nyingi ni salfeti za chuma zilizobeba maji ndani yake, yaani asidi iliyolala ikiwa kavu. Mvua ya kwanza ya masika ndiyo huiamsha.

Jina la huo unga mweupe ni rozeniti. Wataalamu waliyatambua madini haya rasmi mwaka 1960, kutoka milima ya Tatra nchini Polandi, wakayapa jina la Zygmunt Rozen, mtaalamu wa madini wa nchi hiyo. Salfeti ya chuma iliyomo imeshikana na molekuli nne za maji. Ndugu yake mkubwa, melanteriti, ana molekuli saba na rangi ya kijani kama ndimu changa. Mrututu wa buluu tunaoujua ni binamu yao, ila ule ni wa shaba. Mdogo wao, zomolnokiti, ana molekuli moja tu. Joto na ukavu wa hewa ndivyo huamua nani atakuwapo. Kilo moja ya melanteriti ikikauka hadi kuwa rozeniti hubaki gramu 806, kwa kuwa gramu 194 za maji zimeruka. Kwa hiyo mahali penye unyevu, chini ya kivuli cha tuta, unaweza kukuta vinyweleo vya kijani vinavyong'aa kama kioo. Ving'oe uvianike juani, navyo vitaanza kufifia nchani, kisha vitageuka vumbi jeupe mkononi mwako.

Uadimu wa madini haya unatokana na kutodumu kwake. Huyeyuka majini mara moja, hubadilika hewa ikibadilika, na mvua moja ya usiku hulifuta tuta zima. Hata kwenye kabati za makumbusho huharibika. Asubuhi baada ya mvua mwenye bwawa huona tuta limetakata, akadhani balaa limeondoka, kumbe limehamia kwenye maji ya samaki.

Chanzo chake ni chini ya miti yenyewe. Maji ya bahari yana salfeti nyingi. Mito, kama Pangani na Zigi kwetu, Wami na Ruvu kwa wenzetu wa Bagamoyo, huleta udongo wenye chuma. Mikoko, michu na mikandaa hudondosha majani na mizizi. Katika tope lisilo na hewa, bakteria hula mabaki hayo na kupumua kwa kutumia salfeti, wakatoa ile gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo kila mtu aliyewahi kuzama magoti kwenye mikoko anaijua. Gesi hiyo hukutana na chuma, tope likawa jeusi, na kwa miaka mingi hujengeka piriti, madini ya chuma na salfa, punje ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Piriti ikibaki chini ya maji haina ubaya wowote. Ukilifukua tope, ukalirundika kuwa tuta na jua likalipasua, hewa hupenya nyufani na piriti huanza kuoza. Kilo moja ya piriti ikioza yote hutoa takriban kilo 1.6 za asidi ya salfuriki. Hatua ngumu katika kazi hiyo ni ya kugeuza chuma cha kijani kuwa chuma cha kutu, nayo kwenye asidi ingekwenda polepole sana kama si bakteria aitwaye Acidithiobacillus ferrooxidans, anayeweza kuiharakisha mara milioni moja. Maji yenye chuma na asidi hupanda juu kupitia vijitundu vya udongo, hukauka kwenye uso wa tuta, na hapo ndipo unga huota.

Ule wa manjano iliyokoza ni kopiapiti, uliopewa jina la mji wa Copiapó nchini Chile. Tunauogopa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya chuma chake imekwisha kugeuka, hivyo asidi yake hutoka papo hapo unapoyeyuka. Rozeniti huuma mara mbili: kwanza inapoyeyuka, kisha siku kadhaa baadaye, chuma chake kinapokutana na hewa ya majini na kutua kama kutu. Manjano iliyopauka kama majani makavu, iliyojaa kwenye matundu ya mizizi ya zamani, ni jarositi. Hiyo haiyeyuki upesi, ila ukiiona jua kwamba udongo ule umekwisha kuwa mkali, pH yake (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na namba ikishuka asidi huzidi) iko chini ya 4.

Jaribio la kuujua unga huu halihitaji maabara. Chemsha chai ya rangi nzito isiyo na maziwa wala sukari, iache ipoe, mimina nusu glasi. Tia unga kiasi cha punje mbili za mchele, koroga, subiri dakika chache. Kama una chuma, chai huwa nyeusi kama wino, na kwa kweli ni wino: tanini, ile yenye ukakasi iliyomo pia kwenye majani ya chai, na salfeti ya chuma ndivyo vilivyotengeneza wino wa waandishi kwa karne nyingi. Maji ya maganda ya mkoko yaliyochemshwa hufanya kazi ileile. Chumvi ya kula haibadilishi rangi ya chai. Salfa halisi huelea juu bila kulowana na haiyeyuki. Kisha yeyusha kijiko kimoja cha chai cha unga katika glasi ya maji ya mvua na uchovye karatasi ya pH. Chumvi haitaibadilisha sana pH ya maji hayo. Rozeniti hushuka chini ya 4, kopiapiti chini ya 3. Usionje, na glasi ile ioshe vizuri kabla ya kuitumia tena. Kwa sababu hiyohiyo unga wa manjano wa tuta usipulizwe kamwe kwenye mikorosho kwa kudhani ni salfa ya ubwiriunga. Utaunguza maua na machipukizi, na ukungu utabaki palepale.

Bwawani mambo huenda hivi. Mvua huosha matuta, maji ya asidi hutiririka kandokando kwanza, na samaki huanza kujazana katikati au mlangoni. pH ikishuka chini ya 6 hawali vizuri. Ikikaribia 4 hufa. Chuma kikigeuka kutu hutua kwenye matamvua yao, nao hutweta juu ya maji hata kama hewa ya majini inatosha. Aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka kwenye udongo huongeza sumu. Waliopona hukosa chakula, kwa kuwa chuma hukamata fosfeti inayolisha mwani, na ule utando wa mwani ambao mwatiko huuparuza sakafuni hauoti. Mfugaji huongeza mbolea, nayo pia hukamatwa. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mbolea ni ghali, na hakuna mfuko utakaostawisha mwani kabla asidi haijaondolewa.

Sasa hesabu ya chokaa. Kuzima asidi yote ya kilo moja ya melanteriti kunahitaji gramu 360 za mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kilo ya rozeniti gramu 447. Kilo ya kopiapiti gramu 480. Ukitumia chokaa iliyochomwa na kuzimwa, robo tatu ya vipimo hivyo inatosha. Kwangua unga kwenye meta moja ya mraba ya tuta, upime. Tuseme umepata gramu 200 za rozeniti: kila meta ya mraba inataka gramu 89, na tuta la meta 100 za mraba linataka kilo 9 hivi. Zidisha mara mbili, uwe na kilo 18, kwa sababu chokaa haifanyi kazi yote. Punje kubwa hufunikwa na ganda la kutu na jasi, zikafa zikiwa bado nyeupe ndani. Ndiyo sababu kokoto za chokaa hazifai. Inatakiwa iliyosagwa laini kama unga. Tanga mawe ya chokaa tunayo tele, mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa, kwa hiyo hakuna haja ya kuvunja matumbawe hai na kuyachoma.

Lakini hesabu hiyo ni ya unga unaoonekana tu. Tope lenye asilimia 1 ya salfa iliyo ndani ya piriti linahitaji kilo 31 za chokaa kwa kila tani kavu kabla hata ya kuongeza akiba. Tuta moja lina mamia ya tani. Hakuna mfugaji wa kawaida atakayemudu. Hapo bahari ndiyo msaada wa kweli, kwani meta moja ya ujazo ya maji ya bahari huweza kuzima asidi ya takriban robo kilo ya rozeniti bila gharama. Kilo moja basi inataka ndoo 200 za lita 20.

Anza wakati wa kiangazi. Kausha bwawa, chimbua sakafu kidogo, acha jua litoe unga, kisha wakati wa bamvua fungulia maji ya bahari yajae. Pima pH kila siku. Itashuka, halafu itatulia. Ikitulia, yatoe yote maji yakipwa, ujaze tena. Rudia mara tatu au zaidi, mpaka maji yaliyokaa siku kadhaa yasishuke chini ya 6 na tope la sakafu libaki juu ya 5. Wengi huosha sakafu na kusahau matuta, na kosa hilo huua samaki zaidi ya makosa mengine yote. Juu ya tuta chimba mfereji mwembamba, ujaze maji ya bahari yachuje kuteremka ndani ya udongo, na uyatoe pamoja na maji ya bwawa. Baada ya kuosha, mwaga chokaa laini kwenye miteremko na ukingoni mwa maji, panda majani yanayostahimili chumvi ili tuta lisipasuke, na usilikwangue tena kila mwaka. Kila mkwanguo hufungua piriti mpya. Maji ya kuosha yaende kwenye mkondo wenye maji mengi siku ya bamvua, yasimwagwe kwenye kijito ambamo wengine wanatega kaa.

Kwa ambaye bado hajachimba, tunamwomba apime kwanza. Chukua tope la kina unachokusudia kufikia, litandaze unene wa sentimeta 1 kwenye sahani ya plastiki, liweke kivulini na ulinyunyizie maji kidogo ili libaki na unyevu bila kuogelea. Pima pH siku ya kwanza na kila wiki kwa wiki 8, na kama una subira hadi 16. Likianza na 7 na kuishia 4 au chini yake, usichimbe hapo. Sogea nyuma ya mikoko, kwenye ardhi ya juu zaidi isiyo na tope jeusi. Casamance nchini Senegali mashamba ya mpunga yaliyokuwa kwenye ardhi ya mikoko yalikauka katika ukame wa miaka ya 1970 na 1980, piriti ikaoza, na maeneo makubwa yakageuka kuwa na asidi isiyolimika.

Anayetaka maabara imthibitishie kwamba unga wake ni rozeniti aukusanye kwa kijiko cha plastiki, aujaze kwenye chupa ndogo mpaka shingoni ili hewa iliyobaki iwe kidogo, afunge kifuniko kwa nguvu na kukizungushia utepe. Kopo la bati litaliwa. Karatasi itanyonya maji yake. Sampuli isioshwe, na fundi wa maabara aambiwe mapema asiikaushe kwenye tanuri ya nyuzi 105 kama afanyavyo kwa udongo wa kawaida: melanteriti huyeyuka ndani ya maji yake yenyewe ikipita nyuzi 60 hivi, na kitakachotoka tanurini kitakuwa zomolnokiti, si kile kilichokuwa kwenye tuta. Ipimwe kwa eksrei upesi iwezekanavyo, na kwenye chupa paandikwe saa ya kukusanya, hali ya hewa, na kama unga ulikuwa juani au kivulini.

Wasomaji wako, wachunguzi wa udongo na madini ya pwani,
Tanga