Kuku anayenyonyoka manyoya msimchinje

Mhariri,

Inaniuma kuona kuku mzima akichinjwa kwa sababu tu manyoya yamepukutika na mayai yamekoma. Mara nyingi hana ugonjwa wowote: anabadilisha manyoya, jambo linaloanza akiwa na umri wa miezi 18 hivi na kurudi kila mwaka. Unyoya kwa sehemu kubwa ni protini, ndiyo maana mwili husitisha kutaga ili uote mapya. Mwongezeeni soya iliyokaangwa au wadudu, wala msimshikeshike. Manyoya yanayochipua yana damu ndani na yanauma.

Mgongo pekee ukiwa wazi, mtazameni jogoo: huenda ndiye anayemnyonyoa anapompanda. Lakini kuku akijikuna huku upanga wake wa kichwani umepauka, mulikeni vichanja usiku: utitiri hujificha kwenye nyufa mchana, hutoka gizani kunyonya damu.

Mfugaji wa kuku wa uani