Vanishi ya fanicha inaua picha zetu za zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi fremu wa Arusha na Moshi, na zaidi yao wenye picha wanaowapelekea kazi, kuhusu tabia ya kuipaka picha ya zamani vanishi ya mbao ili ing'ae kama mpya. Inafanywa kwa nia njema kabisa, lakini inaharibu vitu ambavyo hatutavipata tena.

Picha nyingi za sebuleni kwetu ni za mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Za mwanzo zilichorwa kwa rangi ya mafuta ya kopo juu ya hadibodi. Rangi hiyo ina mng'ao wake na haidai vanishi. Kinachoifubaza ni vumbi na moshi wa jikoni, na anayepaka vanishi juu ya uchafu huo anaufungia ndani.

Marehemu baba yangu mdogo alituachia picha ya ndege wawili mtini. Shingoni mwa ndege mmoja rangi ilibanduka, kidonda cha ukubwa wa ukucha. Fundi mmoja wa mjini alikijaza puti, kisha akapaka rangi ya bluu shingo nzima na nusu ya bawa ili rangi mpya ioane na ya zamani, na juu ya yote akamwaga vanishi ya fanicha. Leo vanishi imekuwa njano, anga la bluu limegeuka kijani, na nukta nyeupe ambazo mchoraji aliziweka moja moja kwenye manyoya zimezikwa. Haiondoki, kwa sababu vanishi za aina hiyo zikishakauka hujifunga kikemikali zisiyeyuke tena, na thina kali ya kuweza kuilainisha italainisha pia rangi ya mchoraji iliyo chini yake.

Wahifadhi wa Ulaya walipambana na tatizo linalofanana na hili kwa muda mrefu. Picha zao za mafuta zilipakwa damari na mastiki, ambazo ni utomvu wa miti. Zote huwa njano kwa mwanga na hewa, na kadiri zinavyozeeka ndivyo zinavyohitaji kiyeyushi kikali zaidi kuziondoa. Ndiyo maana leo wengi hutumia vanishi za maabara kama Regalrez 1094, ambayo hata baada ya miaka mingi hutoka kwa kiyeyushi chepesi. Rangi za kuzibia mapengo nazo hazichanganywi na mafuta, kwa kuwa mafuta hukolea weusi na kuwa magumu. Huchanganywa na utomvu wa maabara kama Laropal A81. Na rangi hiyo haivuki ukingo wa pengo hata kidogo. Nchini Italia, mtaalamu wa uhifadhi wa picha Cesare Brandi na wenzake huko Roma walifundisha kujaza pengo kwa vistari vyembamba vya wima, ambavyo kwa mbali huungana na picha na kwa karibu hujionyesha kwamba si kazi ya mchoraji. Huo ndio uungwana ninaoutamani kwa mafundi wetu.

Mwenye picha, kabla hujaiacha dukani, ipige picha mbele na nyuma, uliza ni kopo gani litakalotumika, na kama fundi hawezi kukueleza vanishi hiyo itaondolewaje, rudi nayo nyumbani. Iondoe kwenye jua na mbali na jiko. Isitundikwe kwenye ukuta wenye unyevu. Rangi ikiwa inabanduka, usiifute hata kwa kitambaa laini.

Makumbusho ya Taifa wana nyumba mbili hapa mjini, ya Azimio la Arusha na ya Elimu Viumbe pale Boma. Nawaomba wawaite mafundi fremu kwa mafunzo mafupi ya vitendo, na wasaidie kuagiza vifaa hivi kwa pamoja, kwa sababu fundi mmoja hawezi kuviagiza peke yake na duka la vifaa vya ujenzi halina cha kumpa zaidi ya vanishi ya milango.

Msomaji wenu,
Kaloleni, Arusha