Barua ya malalamiko: karavani tuliyouziwa kwa ahadi ya joto nafuu wakati wa baridi

Minnesota, Marekani
Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KARAVANI ILIYOUZWA KUWA INAFAA KUISHI MAJIRA YOTE, NA OMBI LA MATENGENEZO NA FIDIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Septemba mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua kwenu karavani iliyotumika, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, tukiwa tumemweleza wazi afisa mauzo wenu kwamba tungeishi humo mwaka mzima, pamoja na kipindi chote cha baridi, hadi tumalize kulipia mafunzo yetu ya uuguzi. Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, na jumbe zote tulizoandikiana na afisa huyo kabla ya kulipa, ambazo nakala zake nimeziambatisha, ni za Kiswahili.

Tangazo hilo lilisema kwamba karavani hii ni ya majira yote manne, na kwamba mtungi mmoja wa gesi ungetutosha wiki mbili hata theluji ikianguka. Tuliyaamini maneno hayo kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kutegemea. Wengi wa wateja mnaowalenga ni watu waliokulia Mwanza, Kisumu au Bukavu, wanaofanya kazi katika nyumba za kulelea wazee au kuendesha malori, na hawajawahi kuhitaji kujua nyumba inapoteza joto kiasi gani kwa saa. Ninyi mnajua. Mnafanya biashara hii katika jimbo ambalo wastani wa joto la Januari katika eneo la Minneapolis na St. Paul ni takriban nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na ambalo tarehe 30 Januari 2019 kipimo katika eneo hilohilo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri.

Naomba mfuatane nami katika hesabu ambayo mngeweza kuifanya mbele yetu siku ya mauzo kwa kalamu na karatasi. Kibandiko kilichopo kwenye hita kuu ya karavani kinaonyesha kwamba inatumia BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha kiasi cha joto). Galoni moja ya propani, yaani gesi inayochomwa na hita hiyo, ina nishati ya takriban BTU 91,500, kwa hiyo hita hiyo ikiwaka mfululizo inamaliza galoni moja kwa saa tatu hivi. Mtungi mliotupatia ni wa ratili 30, yaani kilo 13.6, nao ukijazwa inavyoruhusiwa hubeba takriban galoni saba, ambazo ni moto wa saa 21. Ili saa hizo 21 zitoshe wiki mbili, hita ingepaswa kuwaka saa moja na nusu tu kwa siku, katika miezi ambayo nje maji yanaganda mchana na usiku. Usiku wa baridi kali hita yetu inawaka zaidi ya nusu ya muda wote, na mtungi hauvuki siku mbili. Tena si joto lote la gesi hiyo linaloingia ndani, kwa kuwa hita za aina hii kwa kawaida hupoteza sehemu moja kati ya nne au tano kupitia bomba la moshi. Hakuna mazingira yoyote ya majira ya baridi ya Minnesota ambayo ahadi yenu ingeweza kuwa kweli, hata kama karavani ingekuwa mpya kabisa.

Na haikuwa nzima. Mabomba ya maji yalipoganda tulimwita fundi, akafungua kifuniko cha plastiki kilicho chini ya sakafu, na taarifa yake ya maandishi pamoja na picha alizopiga zimo katika viambatisho. Alikuta kwamba kati ya sakafu na kifuniko hicho hakuna kihami joto chochote, yaani kitu cha kuzuia joto lisipotee, isipokuwa vipande vichache vilivyolowa na kuoza. Alikuta pia kwamba bomba linalopaswa kupeleka hewa moto kwenye matangi ya maji limechomoka kwenye kiungo chake, na kwamba hewa tuliyoilipia ilikuwa ikitokea nje kupitia mwanya wa kifuniko wakati matangi yenyewe yakibaki baridi. Kununua gesi kwa ajili ya karavani iliyo katika hali hiyo ni kutia maji kwenye pakacha. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kwenye kiungo hicho palikuwa na utepe wa gundi uliozeeka, jambo linaloonyesha kuwa kuna mtu aliyeuona ubovu huo zamani na kuufunika, ilhali fomu yenu ya ukaguzi, yenye mhuri wenu, imewekewa alama ya vema mbele ya maneno "mfumo wa joto".

Tulipopiga simu kulalamikia gharama ya gesi, ofisi yenu ilitushauri tuzime hita kuu na kutumia hita mbili ndogo za umeme. Ushauri huo ulitolewa bila kujali jinsi karavani inavyofanya kazi. Njia yetu ya umeme ni ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa jumla. Hita mbili za wati 1,500 zinachukua wati 3,000, na ukiwasha birika, swichi kuu inakata. Zikiwaka siku nzima zinakula uniti 72, na uwanja wa karavani tunaokaa unatutoza umeme kwa mita. Joto linalotoka humo ni BTU 10,200 kwa saa, karibu theluthi moja ya zile zinazoingia kwenye hita kuu. Lakini kasoro kubwa ya ushauri huo ni kwamba hewa moto inayolinda matangi na mabomba chini ya sakafu hutoka katika hita kuu peke yake, hivyo mteja anayeizima ili kupunguza gharama anayaacha mabomba yake yagande hata kama kitandani kuna joto. Kampuni inayouza karavani kwa watu watakaoishi humo haiwezi kukosa kulijua jambo hili, na ikilijua haina haki ya kulinyamazia.

Kuna jambo jingine ambalo sitakubali lichukuliwe kuwa dogo. Katika ujumbe wa Desemba, ambao pia nimeuambatisha, afisa mauzo wenu alimwandikia mume wangu kwamba tunaweza kuwasha jiko la gesi na kuacha mlango wa oveni wazi usiku ili kupata joto la bei nafuu. Jiko halina bomba la kutoa moshi nje. Ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, moto wa namna hiyo unamaliza oksijeni, na unapokosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hata pale isipoua, kila kilo moja ya propani inayoungua inatoa takriban kilo 1.6 za maji, na maji hayo yote hubaki ndani, yakaganda kwenye madirisha, yakalowesha godoro na kuotesha ukungu nyuma ya makabati. Mume wangu hakuufuata ushauri huo kwa sababu kazini alikuwa amepewa mafunzo ya usalama wa gesi. Ninaogopa kwa ajili ya familia nyingine zilizopokea ujumbe kama huo, zenye watoto, na zinazowaamini kwa kuwa mnazungumza nao lugha moja.

Sisemi kwamba haiwezekani kuishi kwenye karavani wakati wa baridi kwa gharama inayobebeka. Majirani zetu uwanjani wanafanya hivyo. Baada ya fundi kurudisha bomba mahali pake na kuweka kihami joto kipya chini ya sakafu, tulizungusha mbao za povu kati ya karavani na ardhi ili upepo usipite chini, tukaziba matundu ya paa kwa mito maalumu, tukafunika madirisha kwa plastiki, na bomba la nje la maji tukalifunga waya wa umeme unaolipasha joto. Tumehamia pia kwenye mtungi mkubwa wa kukodi unaojazwa na gari la gesi papo hapo, kwa kuwa mitungi midogo inapobakiwa na gesi kidogo kwenye baridi kali haitoi mvuke wa kutosha kulisha hita. Matumizi ya gesi yamepungua sana, kama stakabadhi zinavyoonyesha. Yote haya mngeweza kutueleza Septemba, wakati bado kuna jua na ardhi haijaganda, nasi tungeamua kwa macho mawili kama tunamudu au hatumudu.

Kwa hiyo naomba mturudishie gharama zote za fundi na vifaa vya matengenezo yaliyotajwa katika taarifa yake, pamoja na thamani ya gesi iliyopotea tangu tulipowasha hita kwa mara ya kwanza hadi bomba liliporudishwa, kama nilivyoichambua kwenye kiambatisho cha mwisho. Mabomba mawili ya bafuni bado yanavuja kutokana na kuganda, na haya nataka myatengeneze ninyi wenyewe kwa gharama zenu. Naomba pia muondoe maneno ya wiki mbili katika matangazo yenu yote, na muwaandikie wateja wote mlioshauri kutumia oveni kwamba wasifanye hivyo kamwe, na kwamba wahakikishe king'ora cha kaboni monoksaidi kinafanya kazi. Ombi hili la mwisho lisisubiri majadiliano ya fedha.

Kifungu cha 325F.69 cha sheria za Minnesota kinakataza kumuuzia mtu bidhaa kwa maelezo ya uongo au ya kupotosha, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hupokea malalamiko ya wateja. Ningependa tuyamalize haya baina yetu, lakini nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, nitaipeleka huko pamoja na viambatisho vyake vyote. Karavani ipo wazi kwa ukaguzi siku yoyote ya juma baada ya saa nane mchana, ninapokuwa nimetoka zamu.

Wenu katika kudai haki,

Mnunuzi
(Jina, saini na namba ya mkataba vimo katika kiambatisho cha kwanza)