Retina haipokei mwanga tu, inazuia pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe maelezo yaliyotoka kwenye ukurasa wenu wa afya, kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, hupokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kama ulivyo. Sivyo. Jicho moja la binadamu lina seli za kupokea mwanga zinazokaribia milioni 100, ilhali neva inayokwenda kwenye ubongo ina nyuzi kama milioni moja tu. Kuchuja hufanyika humohumo ndani ya retina, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuzuia, yaani seli moja kunyamazisha ishara za nyingine.

Kemikali kuu za kuzuia ni GABA na glaisini, na zote mbili hutolewa na seli za amakrini, ambazo ni seli za kati za retina. Kemikali hizo zikinasa kwenye vipokezi vya seli jirani, hufungua vitundu vya kupitisha kloraidi, chembe yenye chaji hasi ya umeme. Kloraidi ikiingia, seli hutulia. Lakini kuna sharti: pampu za seli ziwe zimekwisha kuitoa nje ya kutosha. Ikiwa imerundikana ndani, kitundu kilekile kikifunguka hutoka, na seli huamka badala ya kutulia.

Kinachoamua kasi na muda wa jibu ni kipokezi chenyewe. GABA ikipata kipokezi cha aina ya A, jibu ni la haraka na hukatika mapema. Ikipata cha aina ya C, ambacho kipo kwa wingi kwenye ncha za seli za bipola (zinazopitisha ujumbe kutoka seli za kupokea mwanga), jibu huja taratibu na kudumu. Maabara huvitenganisha kwa kemikali iitwayo bikukulini, ambayo huziba cha A na kuacha cha C kikifanya kazi. Cha glaisini huzibwa na strikinini, sumu inayojulikana. Katika retina ya nyani aina ya makaki, ujumbe wa mwanga hafifu hufika kwenye seli ya amakrini iitwayo AII, nayo hutumia glaisini kunyamazisha njia inayotangaza giza.

Haya yanagusa hospitali pia. Vigabatrini, dawa ya kifafa, huzuia kimeng'enya kinachovunja GABA, nayo hurundikana hadi kwenye retina. Baadhi ya wanaoitumia hupoteza uoni wa pembeni, na haurudi. Chati ya herufi haiwezi kuonyesha hilo, maana katikati mgonjwa anaona vizuri. Kinachotakiwa ni kipimo cha upana wa uoni kabla ya kuanza dawa, kisha kila baada ya miezi mitatu. Na mgonjwa asiiache ghafla bila daktari wake, kwani degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam