Usimlete nguruwe wako

Mbozi, Jumapili usiku

Mama Atu,

Salamu sana, na za Baba Atu. Sisi wazima, mahindi nayo yanajikongoja. Najua umenuna. Umepiga mara mbili sijapokea, nikakujibu "nitakuambia" basi. Kwenye simu usingeniacha nimalize, nakujua.

Nguruwe wako asije kupandishwa huku. Sijakunyima dume, hata kidogo. Ng'ambo ya mto nahisi homa ya nguruwe imeingia, mabanda matatu yamebaki matupu ndani ya wiki moja. Mmoja nilimwona mwenyewe, nikiwa nimesimama barabarani: kajikunyata pembeni, pumba hajaigusa, masikio yamewiva hadi yanaelekea zambarau, na tumbo hivyo hivyo. Kesho yake walikuwa wanachimba shimo. Bwana mifugo kachukua damu, majibu bado, ila safari hii aliziosha buti zake kwa dawa kabla ya kupanda pikipiki. Hilo ndilo lililonitisha kuliko masikio.

Homa hiyo haina tiba, na chanjo huku hatuna. Halafu yule bwana (unamjua, wa mizani) kawauza waliobaki usiku kwa bei ya kutupa. Binadamu haimdhuru, kwa hiyo watu wanakula kitimoto chao na ndizi wanacheka, lakini mfupa ukiingia kwenye ndoo ya makombo, safari imeanza upya. Na wewe makombo ya stendi ndiyo mtaji wako! Chemsha, mama. Yatokote nusu saa nzima, siyo kuyapasha moto.

Dume wangu sasa hatoki wala hatembelewi. Mlangoni nimeweka beseni la dawa, hata mama mkwe anakanyaga, ananung'unika kwamba nimekuwa kama hospitali. Wako akipitisha joto hili la kutaka dume hujapoteza kitu, litarudi baada ya siku kama 21. Tukivuka hili nitakupandishia bure, nisikie tu kwamba hujanichukia.

Mweupe wangu anatimiza siku 114 za mimba Alhamisi. Ameshaanza kuburuta nyasi na kuzipanga pembeni kama bibi harusi anayetandika. Safari iliyopita aliwalalia watoto watatu, nikawakuta bapa kama chapati, nikalia kama mjinga. Sasa nimepigilia mti kuzunguka ukuta, kama shubiri moja kutoka sakafuni, wapate pa kujificha akijitupa.

Ndiyo maana, pamoja na kukukatalia, nina shida na wewe. Sindano ya madini ya chuma hapa imeisha, na siku ya tatu lazima niwachome, la sivyo watapauka. Wewe uko karibu na maduka ya mjini. Ninunulie chupa moja, umpe kondakta wa basi la asubuhi, pesa nitatuma. Usije nayo mwenyewe, tafadhali. Kwako unaingia bandani na ndala hizo hizo unazopandia gari.

Wako aliachishwa kunyonyesha lini hasa? Anakula vizuri? Wale watoto aliowanunua Mama Subi walitoka wapi, mnadani au kwa mtu? Na mbwa wenu bado analala bandani? Baba Atu amekubali kuweka mlango wenye komeo, au bado ni ile turubai?

Na buti zangu za mvua ulizoazima mwaka jana, unazo? Usizirudishe sasa.

Wako,
Mama Tumaini