Kuhusu mdogo wako anayekwenda Berberati

Dar es Salaam

Kulwa ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na hongera kwa mdogo wako kuchaguliwa kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa huko Berberati, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Umeniuliza tunawafundisha nini tena, maana kulenga shabaha wameshajua tangu ukuruta. Ninaoshinda nao darasani shida yao si shabaha, ni kungoja amri.

Juzi tulikuwa na zoezi la geti la kambi. Kina mama wa kuigiza wamejazana na mafurushi, mmoja analia kwamba wenye silaha wameingia kijijini kwake. Luteni kijana kashika redio: "Afande, naomba maelekezo." Akarudia, akarudia tena. Wale "wanakijiji" wakaanza kulala chini mmoja mmoja, maana ndivyo tulivyowaelekeza: ukichelewa, mtu kafa. Vicheko vikakatika.

Wala hatukuzua. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti mwaka 2014: kati ya matukio 507 yaliyohusu raia, 2010 hadi 2013, vikosi viliitikia papo hapo 101 tu. Kule Kiwanja, Kongo, Novemba 2008, waliuawa watu wapatao 150 na kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa wa huko, ipo jirani tu. Ruhusa ya kutumia nguvu ilikuwepo kwenye karatasi. Lakini makamanda wengi hutaka kwanza kusikia serikali za nchi zao zinasemaje.

Kitu kingine ni doria. Gari hupenda barabara nzuri, wakati kina mama wanavamiwa kwenye njia ya kuni na siku ya gulio. Basi waulizwe wao wanapita wapi, saa ngapi. Ila si hadharani! Afisa akimsimamisha mzee mbele ya watu amtajie nani anawaficha waasi, yeye atarudi kambini, mzee atabaki na usiku wake.

Kule Beni, mashariki mwa Kongo, vijana wetu waliongea Kiswahili moja kwa moja na wenyeji. Berberati ni Kisango na Kifaransa, kwa hiyo atamtegemea mkalimani, na mkalimani akiwa wa upande mmoja, nusu ya kijiji haitafungua mdomo. Mwambie aulize mapema huyo mtu ni wa nani, na ajifunze walau salamu za Kisango kabla hajapanda ndege.

Mama msalimie sana. Akiwa na hofu, anipigie mwenyewe.

Wako,
Salum