Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Mipango Miji: kifusi cha kiwanja kimoja kinaingiza maji nyumba ya pili

Ndugu Mkuu wa Idara,

Ukutani sebuleni kwangu kuna mstari wa tope ambao nimeupaka rangi mara mbili na bado unaonekana. Uko usawa wa kiuno, juu kidogo ya soketi. Miaka yote tuliyoishi hapa bondeni, mto ukifurika maji yalikuwa yakifika kizingitini na kurudi. Yalianza kuingia ndani baada ya kiwanja cha jirani kujazwa kifusi, lori baada ya lori, mpaka ardhi yake ikawa juu ya madirisha yetu. Jirani hakuvunja sheria. Alikuwa na kibali halali cha ujenzi.

Nimeisoma rasimu ya kanuni mpya za ujenzi katika maeneo ya mafuriko. Ina mengi mazuri, hasa kuzuia hospitali na shule kujengwa ukingoni mwa mto. Lakini kifungu cha kujaza viwanja hakijaguswa, na hapo ndipo penye kidonda.

Mto ukijaa, bonde ndilo linaloyapokea maji. Yanatanda, yanapunguza mwendo, kisha yanashuka taratibu. Mita moja ya ujazo ya kifusi ikimwagwa pale, lita 1,000 za maji zinakosa pa kukaa, nazo zitahamia kwa mwingine. Ofisi yako hupima ombi la kiwanja kimoja, ikaona athari ni ndogo, ikapitisha. Kesho linakuja jingine, nalo dogo. Hakuna anayejumlisha. Siku ya mvua kubwa, mto unajumlisha wenyewe.

Ninaomba kanuni iseme wazi: anayejaza achimbe kiasi kilekile kando ya mto huohuo, kwenye kina kilekile, au aachane na kifusi na ajenge juu ya nguzo, chini pabaki wazi maji yapite. Na pasiwe na msamaha wa kiwanja kimoja kimoja.

Jambo la pili ni hayo yanayoitwa mafuriko ya miaka 100. Watu huku wanaelewa kwamba yakishapita, basi mpaka enzi ya wajukuu. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, hata kama mwaka jana yalitokea. Mtu akikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Liandikeni hilo kwenye kibali chenyewe, kwa maneno haya haya, mnunuzi alisome kabla hajatoa fedha. Tena ramani za mafuriko huchorwa kwa kumbukumbu za nyuma, wakati huko juu mapaa na lami vinaongezeka na maji yanashuka kwa kasi kuliko zamani. Kwa hiyo sakafu ya nyumba isiishie kwenye usawa wa maji unaoonyeshwa na ramani. Ipande juu yake.

Uholanzi, nchi iliyozoea matuta ya kuzuia maji kwa karne nyingi, ilihamisha watu wapatao 250,000 mwaka 1995 mito ilipotishia kuvunja kingo. Baadaye, mjini Nijmegen, tuta lilirudishwa nyuma mita 350 ili mto upate nafasi. Kuna nyumba zilizoondolewa, na hilo si jambo jepesi. Nasi tuliokwisha kujenga, wengi kwa vibali vyenu, tusije tukaamkia alama za kubomolewa ukutani. Anayetakiwa kuhama alipwe kwanza, na apewe mahali pakavu.

Siku ya kikao cha wazi nitakuja na picha za ukuta wangu, pamoja na vipimo vya maji nilivyoandika kila msimu. Majirani watatu wameniahidi kuleta vyao. Naomba kifungu cha kifusi kiwe cha kwanza kujadiliwa, kabla watu hawajaanza kuondoka.

Wako,
Mkazi wa bondeni